Polycarpe Bahizire, Fundi wa Deraya Aliyeogopa Kufungiwa (1971–2024)

Mzee Polycarpe Bahizire, tunayemzika leo hapa Buffalo, alizaliwa tarehe 3 Mei 1971 huko Walungu, Kivu ya Kusini, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Cikuru.

Alisoma shule ya msingi Walungu, kisha ufundi wa vyuma Bukavu, akamaliza mwaka 1991. Mwaka 1998 watu wenye silaha walimfungia siku tatu ndani ya kontena pamoja na wanaume wengine. Si wote waliotoka. Tangu hapo hakulala tena kwenye chumba kilichofungwa mlango, hata kwenye baridi ya huku.

Alikimbilia Tanzania. Tarehe 12 Agosti 2000 alifunga ndoa na Dorcas Kanyange katika kambi ya Nyarugusu. Aliomba mlango wa kanisa uachwe wazi, na mbuzi akaingia katikati ya viapo. Mchungaji akasema, “Shahidi wa tatu amefika, tuendelee.” Mungu aliwajalia watoto wawili, Séphora na Masumbuko.

Oktoba 2013 familia ilifika Louisville, Marekani, ikaishi kitongoji cha Shively, naye akawa mpakiaji ghalani. Mwaka 2017 walihamia Columbus, na mwaka 2020 wakaja mtaa wa Riverside, hapa Buffalo, ambako alianza tena kuchomelea vyuma katika gereji yake.

Februari 2023, Chacha, kijana Mtanzania anayecheza michezo ya kupigana kwa mikuki juu ya farasi, alimletea deraya, vazi la chuma la kuigiza lile la wapiganaji wa kale wa Ulaya. Chapeo, yaani kofia yake ya chuma, ilikuwa inakwama usoni, na kifua kilikuwa kimezibwa viraka vya mabati.

“Mzee, nyoosha tu, ung'arishe.”

“Bon, na ukianguka, nani atakutosha mule, akulete nje?”

“Wenzangu wapo.”

“Donc wakishindwa, unakufia ndani kama panya?”

Chacha alicheka. Mzee hakucheka. Kwa miezi kumi na minne alikata viraka vile kwa moto, akaunga chuma kipya, akabuni pini moja: ukivuta mkanda wake, chapeo yote inaachia.

Bati likichomwa hutoa moshi wenye sumu. Mama Dorcas alimsihi: “Papa Séphora, vaa basi barakoa!” Akajibu: “Nikivaa ile kitu naona wananifungia tena. Leta maziwa.” Mafundi wengi mlioko hapa mnaamini kama yeye, kwamba maziwa husafisha kifua. Ndugu zangu, hayasafishi! Ninawaogopea. Jumatatu msiwashe mashine bila barakoa.

Aprili 2024 alianza kukohoa. Daktari alisema mapafu yamekakamaa kwa moshi wa miaka mingi. Hospitalini aliivua barakoa ya oksijeni kila alipoamka, nasi tulihesabu pumzi zake kwa hofu. Hakuuliza habari zake mwenyewe. Aliuliza michezo ya Chacha ni lini.

Jumamosi tarehe 21 Septemba, farasi alimwangusha Chacha kifudifudi kwenye tope, chapeo ikabonyea. Mwenzake alivuta mkanda, chapeo ikaachia, kisha akampigia simu Mama Dorcas hospitalini. Mama Dorcas alipokata simu, Mzee alikuwa anamkazia macho.

“Ametoka?”

“Ametoka, Papa Séphora. Mzima.”

Alifariki kesho yake, saa moja asubuhi, akiwa na miaka 53.

Ameacha mjane, Dorcas. Watoto, Séphora na Masumbuko. Dada yake, Germana, aliyeko Columbus. Na wapwa wanne.

Mungu ampumzishe kwa amani, mahali pasipo na mlango wa kufungwa.