Ngoma Niliyotunga Ndani ya Stoo ya Kreti

Nawasalimia wote, wa kanisa na wa msikiti, na wewe boss hapo nyuma ambaye najua umekuja kwa sababu ya chai. Mwenyekiti ameniambia, "Mzee, dakika kumi tu." Mimi dakika kumi natumia kukohoa. Lakini nitajaribu.

Mnanijua kama ule mzee anayecheza ngoma haina harusi, haina matanga. Leo nawaambia hiyo ngoma ilitoka wapi, kwa sababu ilitoka mahali pabaya.

Miaka ya sabini nilikuwa kijana huko Malaba. Shule sikuiona hata paa. Lakini kucheza? Nilikuwa nacheza mpaka vumbi inaomba msamaha. Siku moja nilikuwa naigiza kuku kwa foleni ya malori, madereva wanacheka mpaka malori zenyewe zinatingika. Mwenye baa moja ya hapa Busia akaniona. Akasema, "Kijana, kuja ucheze kwangu. Kula bure, kulala bure. Na kipande lete nikuwekee, hapa kuna wezi."

Nikampa. Ndugu zangu, nilimpa kitambulisho yangu kwa mikono miwili, na nikasema asante.

Kulala bure ilikuwa stoo ya kreti za soda. Kwa upana, panya wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Na kazi ilikuwa kuku. Kila jioni kuku. Kuku anataga, kuku anakimbia kisu, kuku amelewa. Watu wanakufa na kicheko. Mwezi wa tatu nikasema, "Boss, naomba kipande nirudi nyumbani."

"Kesho."

Hiyo kesho ilikuwa ndefu kuliko barabara ya Nairobi.

Sasa mtaniuliza, mbona hukutoroka? Nilitoroka! Sikufika hata sokoni. Wakati ule askari walikuwa kila kona, na sisi Wateso tuko huku na tuko ng'ambo, sura ni moja. "Kipande?" Sina. "Basi wewe ni wa Uganda." Wakaniketisha chini mpaka mwenye baa akakuja, akasema, "Huyu ni wangu." Wakampa mimi kama mtu amepata mbuzi yake. Na kupata kipande ingine lazima nifike kwa chifu wa kwetu, na kufika kwa chifu lazima nipite kwa askari na kipande. Ebu niambie wewe mama umesoma, hapo unatokea wapi?

Miaka miwili. Mnacheka, na mimi nacheka, lakini nawaambia, nilikuwa nikimaliza ile kuku naingia stoo, uso unabaki umecheka peke yake, mimi siko. Nilikuwa nauambia, "Wacha sasa, watu wameenda." Unakataa.

Sijui ni siku gani nilianza. Mikono haiwezi kunyooka mle ndani, kwa hivyo nikaanza kucheza na bega. Bega moja, pole pole. Halafu shingo, kwa sababu juu kuna rafu. Halafu mbavu. Miguu haisogei hata inchi moja. Ngoma hakuna, wimbo hakuna, ni pumzi yangu tu. Ilikuwa kitu haina jina. Kwetu mtu anacheza kwa sababu mtu ameoa ama mtu amekufa. Mimi nilikuwa nacheza kwa sababu ya ukuta. Nikajiambia, sasa kichwa imeharibika kabisa.

Halafu baba ya mwenye baa akafariki, huko upande wa Nambale. Akanibeba kwa pikapu yake niende nichekeshe watu. Baba akazikwa. Ikafika ile siku ya kunyoa nywele, si mnajua hiyo desturi ya Waluhya, wazee wanakaa na boma lote, wanauliza kama kuna mtu ako na neno na hiyo nyumba. Mmoja akasema marehemu alikuja kwake kuazima jembe, halikurudi. Mwingine akalilia ng'ombe wa zamani, nafikiri huyo ng'ombe alikufa kabla wazungu hawajafika.

Mzee mmoja wa kikao akauliza, "Kuna mwingine?"

Nikasimama. Mwenye baa akanitolea macho, halafu akacheka, "Huyu ni mchezaji wangu. Cheza ile ya kuku, wazee wachangamke."

Nikataka kucheza kuku. Haki ya Mungu nilitaka, niliogopa. Lakini mwili ukacheza stoo. Mbele ya watu kama elfu kumi, na kama mnakataa, basi mia moja. Kiwiko kwa mbavu. Shingo chini ya rafu. Mkono unapapasa, unarudi.

Wakacheka kwanza. Halafu kicheko kikakatika.

"Huyu ni mgonjwa?"

"Hii ni ngoma ya wapi?"

Mama mjane, mama ya mwenye baa, alikuwa amekaa chini na nguo ya matanga. Akasema, "Nyamazeni. Huyu mtu ako ndani ya nyumba ndogo. Angalieni mkono, anatafuta mlango." Akaniuliza, "Kijana, mlango ako nao nani?"

Nikaonyesha mtoto wake na kidevu. "Kipande yangu, mama. Amekaa nayo miaka miwili."

Mzee akageuka. "Umeshika kitambulisho ya mtu?"

"Nilikuwa namwekea tu, mzee."

"Umwekee mpaka azeeke?"

"Si ingepotea..."

"Ilete."

Mnajua ilikuwa wapi? Kwa koti alilovaa! Alikuwa analia baba yake na kipande yangu kwa mfuko. Akaitoa mbele ya ukoo wote. Nikaishika, nikalia mpaka nikamshinda yeye mwenye msiba.

Kwa hivyo leo nashukuru wale wazee. Nashukuru wale vijana wa kupakia mizigo hapa Burumba waliokubali nichukue vile wanainama na gunia nitengeneze ngoma, na wale akina mama wa samaki kutoka Osieko waliokubali kucheza mbele ya soko zima watu wakiuliza, "Kwani ni nani ameoa?" Funzo langu ni hili: ukiona mtu anajipinda vile huelewi, usikimbilie kucheka. Muulize amefungwa wapi.

Na zaidi ya wote nashukuru yule mama. Kabla sijaondoka kwake nilimuuliza, "Mama, uliijuaje hiyo nyumba ndogo?"

Akaangalia kaburi ya mzee wake, akasema, "Nimeishi ndani miaka arobaini."

Matanga yake ilipoisha alitembea kwa miguu mpaka Malaba, akanitafuta, akasema, "Mimi nataka kunyoosha mikono. Tunaanza na gani, ya kulia ama ya kushoto?"

Tulianza na ya kulia.