Marehemu Aliyetangaza Kufunga Reli

Ndugu waombolezaji, majirani na wote mliotoka mbali, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yangu, mimi mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti, na nimeyaandika mwenyewe, kwa hiyo mtakachosikia kimenyooka, na atakayechukizwa na neno lolote anifuate mimi, asimfuate shemeji wala binti yetu.

Naanza hivyo kwa sababu najua kinachonong'onwa huko nje, kwamba tovuti ya treni ndogo aliyoiendesha marehemu izimwe au isizimwe, na wapo waliomshika binti yake mkono tangu juzi, kila mmoja akimvutia upande wake, hadi mtoto hajapata nafasi ya kumlilia baba. Familia imekaa na jibu lipo, nitalisema likifika mahali pake.

Kaka alizaliwa tarehe 3 Machi 1958, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako kila treni ikipita vikombe vilitetemeka kabatini, na mama alikuwa akisema huyu alijifunza kutambaa kwa kuufuata mlio. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akamaliza sekondari 1976, na mimi nilipoishia darasa la saba yeye ndiye aliyenifundisha kusoma vipimo, tukigombana kila jioni, maana yeye alikuwa na subira na mimi sina, na hilo halihitaji shahidi hapa.

Tarehe 1 Februari 1979 aliajiriwa kuwa karani wa tiketi, akakaa nyuma ya kidirisha hadi alipostaafu mwaka 2018, hakuwahi kuendesha treni hata ya kusogeza mabehewa, na hilo jina la Stesheni Masta, mlilomwita wengi wenu mpaka lake mkalisahau, lilikuwa utani wa wapagazi, waliomwona mchana akikata tiketi na jioni akiunda vibehewa kwa makopo ya maziwa.

Tarehe 14 Agosti 1987 alimwoa shemeji, mshonaji, aliyeingia ndani akakuta reli imeizunguka sebule nzima, akauliza kwa upole kama kuna stesheni ambayo bi harusi anaruhusiwa kushuka, na mwaka 1990 walijaliwa binti mmoja, huyu mnayemwona, ambaye leo anachora ramani za majengo.

Tovuti aliianzisha mwaka 2006, mahali ambapo watu wanaotengeneza treni za kuendeshwa juu ya meza walionyeshana picha na kuulizana namna ya kunyoosha reli iliyopinda, yeye mwenyewe akiiita reli, na wanachama akiwaita abiria. Aliwajibu wote, akawaamulia ugomvi wao, na ugomvi ulikuwepo, watu wazima wenye wajukuu walitukanana kwa ajili ya rangi ya behewa, naye anaacha chakula kinapoa ili awapatanishe.

Mwaka 2022 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, na Januari mwaka huu wa 2024 daktari akamwambia mlango mmoja wa moyo umelegea, upasuaji usicheleweshwe. Kaka akasema atakwenda akishaifunga tovuti, hawezi kuwaacha watu hewani, kila mmoja lazima apate muda wa kuchukua picha zake. Nilimjia juu, nikamwambia hao abiria wake wana miguu, washuke wenyewe, lakini mlimjua, ukimpigia kelele anakusogezea kiti. Binti yake hakupiga kelele, aliomba.

"Baba, nipe mimi niiendeshe. Nimekulia humo."

"Humo wanamtafuta mtu mmoja, mwanangu, na mtu huyo si wewe," kaka akamjibu. "Sitaki kuacha nyumba inawaka taa na mwenyewe hayumo."

Binti alitoka akaubamiza mlango, na tangu hapo akija nyumbani alimsalimu mama yake kwanza, akimtazama baba yake kama mtu wa foleni.

Mwezi wa nne kaka alitangaza kwenye ukurasa wa mbele, kwa maneno machache kama kawaida yake, kwamba mwisho wa mwezi wa sita anafunga reli. Nilikuwepo majibu yalipoanza kuingia, na ndugu zangu, hakuna hata mmoja aliyeaga, wote walimpongeza, huyu anauliza reli hiyo mpya itakuwa na urefu gani, yule anashauri kona zisiwe kali, mwingine anataka kujua kama kutakuwa na daraja. Macho yakamwiva kaka, akauliza hawa watu Kiswahili wamejifunzia wapi, na shemeji, bila kuinua mguu kwenye cherehani, akamjibu.

"Si umeandika mwenyewe unafunga? Fundi akija kufunga feni, huwa anaondoka nayo?"

Mimi nilicheka hadi nikakohoa, yeye hakucheka, na asubuhi akaandika tangazo la pili lililonyooka, kwamba tovuti inazimwa na haitawashwa tena, kisha akachukua chaki, akaenda chumba cha nyuma anakoshonea shemeji, akapiga magoti kwa taabu, akaanza kuchora sakafuni reli mpya ya kufungwa kweli. Alimwita binti yake aje na futi. Binti alikuja na uso wake ule ule, akatazama chini, akamwambia kona hiyo treni itaanguka, wakaanza kubishana, na ndivyo walivyorudi kusemezana, bila mtu kumwomba mwenzake msamaha.

Alitaka njia moja, stesheni moja, meza ya chini ya kuendeshea mtu akiwa amekaa, akasema baada ya upasuaji atakuwa mtu wa kukaa, nami nikapewa vipimo vya fremu. Shemeji aliweka sharti, kwamba chumba chake anakitoa, ila hakuna msumari utakaogongwa kabla mgonjwa hajalazwa, na sharti hilo ndilo lililompeleka hospitali, si kelele zangu. Alilazwa tarehe 27 Mei, akapasuliwa tarehe 4 Juni, na tarehe 11 Juni, alfajiri, moyo ukakataa.

Sasa nasema wazi, maana wapo wanaosema tovuti ndiyo iliyomuua, na wapo wanaomgeuzia shemeji macho kwa sharti lake. Nilimuuliza daktari kama kuchelewa ndiko kulikomwondoa, akaniambia hawezi kusema ndiyo na hawezi kusema hapana, nami nawapa hivyo hivyo nilivyopewa, anayejua zaidi ya daktari asimame.

Abiria walimtuma mwenzao, fundi saa, mtu mwenye adabu zake, aliyekuja asubuhi hii kwenye kikao cha familia akaomba tovuti iachwe, akisema marehemu alitangaza anafunga reli, na kwa fundi kufunga ni kujenga. Nilimwambia akae kabla sijamkalisha. Hapo binti akasema neno lake, na ndilo jibu la familia.

"Nywila ninayo mimi. Nitaizima leo, tukitoka makaburini. Mkinisukuma tena, naizima sasa hivi."

Hakuna aliyemsukuma. Fundi saa aliinamisha kichwa, akasema amesikia, na nilimheshimu kwa hilo.

Fremu nitaichomelea, na binti atajenga alichochora na baba yake, kwa muda wake, bila picha za kuonyesha watu. Mliolala chumba cha nyuma, mistari ile ya chini si uchafu, aliyemwaga maji juu yake nilimsema na sitaomba radhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, majirani mliotupa viti na maji na mikono yenu, makarani wenzake wa zamani, na ninyi abiria wake, ambao wengine ndiyo mara ya kwanza leo kuonana uso kwa uso, na mmemlilia kwa haki. Mkifika makwenu jioni mkaitafuta, hamtaikuta. Msimpigie binti simu kumwambia imeharibika, haijaharibika, mwenyewe ameondoka, na mwanawe amemzimia taa.

Kaka, pumzika, amani iwe nawe.