Mkanda Uliolegea wa Mbah Wakinem

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuta kigoda, punguza moto chini ya chungu, tukae. Leo tunamkumbuka bibi yetu, Mbah Wakinem, mkuna nazi wa soko la Kalisumber. Ametutoka Jumanne asubuhi, akiwa na miaka themanini na mmoja. Mbah Wakinem, mkuna nazi.

Mashine yake mnaijua. Gogo dogo la mviringo lenye meno ya misumari, mota, na mkanda wa mpira wa kuzungusha gogo. Basi. Lakini mkanda wake aliuacha umelegea kidogo, na watu walimcheka.

"Mbah, mashine nayo imefunga saumu? Mbona imechoka hivyo?"

"Imefunga kuliko wewe," alikuwa akijibu.

Kila asubuhi, kabla ya nazi ya kwanza, alikandamiza kipande cha ubao kwenye meno yale. Gogo likisimama huku mota ikinguruma, aliridhika. Mkanda uliolegea huteleza. Uliokazwa hauachii, unavuta tu. "Mota haina macho," alisema. "Haijui hii ni nazi, huu ni mkono."

Sasa, mwaka mmoja, siku ya mwisho ya mfungo. Kila nyumba inataka tui la kuku wa Idi. Foleni imefika kwa wauza tempe ya soya. Jirani yake ana mashine yenye kasi maradufu, na wateja wameanza kuhamia huko. Mkwewe, Tugiman, akaona aibu. Mbah alipokwenda kuswali adhuhuri, Tugiman akakaza mkanda.

Mbah akarudi. Akausikia mlio mpya wa mashine, akasimama. Akachukua ubao wake, akakandamiza. Gogo halikusimama. Liliutafuna ubao. Akazima mashine.

"Mama, watu wanaondoka!" Tugiman akanong'ona.

"Waende. Lete spana."

"Mbah, Idi ni kesho, si mwakani!" Mtu akapaza sauti kwenye foleni. Wasikilizaji wapendwa, mtu huyo ni mimi, Yu Sarpi, dada yenu. Nilikuwa wa nne, nimekumbatia nazi zangu tatu.

"Basi zikune kwa meno yako, Yu Sarpi," akanijibu bila kugeuka.

Watu sita wakahamia kwa jirani. Mbah akaulegeza mkanda polepole, akajaribu tena kwa ubao. Gogo likasimama. Ndipo akaanza kukuna.

Haikupita nusu saa. Bintiye Rumiyati, mke wa Tugiman, aliinama kuokota kifuu. Ncha ya mtandio wake ikanaswa na meno. Ikajizungusha kwenye gogo, ikamvuta shingo. Shavu lake likafika shubiri moja tu kutoka kwenye misumari. Hapo mkanda ukateleza. Ukalia kwa ukali, mpira ukanuka kuungua, mota ikanguruma bure. Gogo limesimama. Tugiman akachomoa waya. Mbah akaukata mtandio kwa kisu cha nazi.

Mbah akamketisha binti yake, akamfunika kichwa kwa kitambaa chake mwenyewe.

"Mpeni maji."

"Mama, nimefunga..."

"Kunywa, mwanangu. Mungu ameona."

Jana nilikaa msibani na Tugiman. Aliniambia hivi: "Mama hakunigombeza hata siku moja kwa lile. Baada ya Idi alinikabidhi ubao, akasema, kuanzia leo unajaribu wewe. Miaka kumi na tisa sasa, Yu. Sijaruka asubuhi hata moja."

Rumiyati, Tugiman, na wajukuu wote, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Mungu amlaze Mbah pema.

Nanyi wenye mashine, kesho jaribuni mkanda, kwa ubao, si kwa kidole. Fungeni mitandio nyuma. Na sisi wa kwenye foleni, wasikilizaji wapendwa, wenye haraka zetu na nazi zetu mikononi: mwenye mashine akizima, tusimpigie kelele. Tumngoje.