Kiti cha Abiria

Kijana aliyekaa katikati yetu kwenye bajaji ya Nzuguni alikuwa amepakata kiti kipya cha pikipiki, na bolti zake zilinichoma paja kila tulipopanda tuta.

"Mara ya tatu natoka kwa fundi!" alimjibu mama wa baibui upande wa pili, ambaye aliuliza tu kama ule ni mto. "Nimenunua pikipiki kubwa ya kukaa mtu mmoja. Nimemwekea mama yangu kiti cha nyuma, akasema kigumu. Nimeongeza sponji na vikanyagio, kimoja kulia, kimoja kushoto. Bado hapandi! Na harusi ya Hombolo ni kesho."

"Mama yako anavaaje?"

"Kama wewe."

"Na sisi kwenye pikipiki tunakaaje?"

Kijana akalitazama baibui lake. Dereva, ambaye hakuulizwa na mtu, akacheka.

"Upande," alisema kijana.

"Sasa mguu mmoja akanyage hewani?"

"Si angesema!"

"Kwenye pikipiki yako ya zamani umembeba miaka mingapi?"

"Sita."

"Kile chuma kirefu cha ubavuni, alichokanyagia miguu yote miwili, ulidhani pambo?"

Bajaji ikasimama. Kijana akashuka bila kuaga, akaweka kiti juu ya rundo la matofali, akakikalia kwa upande, magoti pamoja. Tulimwacha miguu ikining'inia, inatafuta pa kukanyaga.