Thirza Lampard, Aliyekata Kila Upande Peke Yake

Sogeeni karibu, mlio kwenye ngazi shukeni vidato viwili vitatu, mlio jikoni acheni vikombe kwanza, na wewe Enoch funga huo mlango wa mbele, maana magari ya farasi ya Queen Street hayajui kama huku kuna msiba, kisha tunyamaze sote, tumsikilize Hephzibah anayesoma historia ya mama yake kwa maneno yangu mimi Dorcas, mdogo wa marehemu, kwa kuwa kusoma sikujaliwa ila kukumbuka nimejaliwa, na akishindwa na machozi msimharakishe, msubirini.

Marehemu Thirza Lampard, ambaye kwa baba alikuwa Sturgess, alizaliwa tarehe 3 Machi 1826 hapa hapa Portsea, katika nyumba ya vyumba viwili iliyogusana na ukuta wa gati la wanamaji, akiwa mtoto wa kwanza wa Bwana Amos Sturgess, seremala wa meli, na Bi Judith, mshona matanga, na kati ya watoto sita waliozaliwa katika nyumba ile tulikua wawili tu, yeye na mimi niliyemfuata kwa miaka mitano.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma majira mawili ya baridi, mwaka 1833 na 1834, kwa bibi mmoja aliyefundisha watoto jikoni kwake huku akimenya viazi, akatoka pale anajua kusoma nyimbo za kanisani, lakini hesabu zilimgomea, na mama alipomuuliza saba na tisa ni ngapi alijibu, "Inategemea, mama, ni viazi vikubwa au vidogo?" akapata kofi, na mimi nikapata langu kwa kucheka, ingawa nilikuwa mdogo hata sijui nacheka nini.

Tarehe 7 Mei 1838, akiwa na miaka kumi na miwili, aliingia kazini katika karakana ya koseti ya mzee Cheverton, na hapa niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa ajili ya wanaume mliomo humu, ambao mmeishi na nguo hii miaka yote bila kuijua zaidi ya kuvuta kamba zake, kwamba koseti si kitambaa cha kubana kiuno basi, ni vipande kumi au kumi na viwili vya pamba nzito, vilivyounganishwa mshono kwa mshono, vikasimamishwa kwa mifupa ya nyangumi na bamba la chuma kifuani, ili vibebe matiti, vishike mgongo, na vibebe uzito wa sketi zote zile ambazo mwanamke huzining'iniza kiunoni toka asubuhi.

Kwa mzee Cheverton, na kwa mafundi wote wa mji huu, kitambaa kilikunjwa mara mbili, kikakatwa pande zote mbili kwa mkato mmoja, vipande vya kulia na vya kushoto vikatoka mapacha, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, na upimaji nao ulikuwa wa aibu, mpimaji alimzungushia mteja futi na kutamka namba kwa sauti, karani wa kiume akaziandika nyuma ya pazia, hata ikifika Jumamosi mtaa mzima umeshajua kiuno cha nani kimeongezeka na cha nani kimeongezeka kabla ya ndoa.

Wengi wenu mnaniona nimesimama wima na mnadhani nilizaliwa hivi, basi leo nawaambia, mgongo wangu ulianza kupinda nikiwa na miaka kumi na miwili, bega la kulia likapanda, nyonga ya kushoto ikatoka nje, na mama kwa mapenzi yake akanivalisha koseti iliyokatwa pacha na kunikaza upande uliotokeza, nikapata kidonda kisichopona chini ya kwapa, na kila nikilia alisema, "Vumilia, mwanangu, mwili utaizoea," nami nilivumilia miaka mitano, mwili haukuizoea.

Mwezi wa Februari 1849 dada alinivua ile koseti, akakitazama kidonda, akasema, "Mungu hakumkunja mwanamke mara mbili ndipo akamkata, sasa sisi tunakunja nini?" akachukua karatasi ya kufungia sukari, akaikata tepe mbili, moja ya upande wa kulia na moja ya kushoto, akazipitisha mwilini mwangu na kila mahali pa kupima akakata kijipengo kwa mkasi, hakutamka namba kwa sababu hakuwa nazo, kisha akakifungua kitambaa kote kote, akakata kila upande peke yake, na siku nilipoivaa nilikaa chini nikala mkate na mafuta ya nyama, kipande cha kwanza maishani mwangu nilichokila bila kuuma meno kwa maumivu.

Mzee Cheverton aliniona kanisani Jumapili, na Jumatatu akamwuliza, "Thirza, yule mdogo wako kanyooka lini?"

"Hajanyooka, bwana. Nguo ndiyo imekubali kupinda."

Mzee akacheka, tena alicheka vizuri, lakini alipomkuta anakata vile hata koseti za wateja akamwambia, "Mkato wako unakula kitambaa changu, binti, kunja kama wenzio," naye akajibu kwamba akikunja atakuwa anakata uongo, na tarehe 14 Juni 1851 akaachishwa kazi, akarudi nyumbani na mkasi wake ndani ya aproni, mama akakaa mezani akasema, "Haya, ukweli wako tutaula na chumvi au na siki?"

Ndoa. Tarehe 2 Septemba 1852 marehemu alifunga ndoa na Bwana Jabez Lampard, msokota kamba wa gatini, mtu wa maneno machache na mikono kama makasia, na huyu msimwone kama mume tu, ana sehemu yake katika kazi ile, maana wanawake waliokuja hapa sebuleni mwanzoni walikuwa wafua nguo na wake wa mabaharia, bei ya mfupa wa nyangumi hawaiwezi, na jioni moja Jabez, akimtazama anavyohangaika, akasema, "Mke wangu, kamba ikisokotwa sana haitaki tena kulala, inasimama yenyewe," akamsokotea kamba nyembamba za pamba, dada akazishona mistari mistari katikati ya vitambaa viwili, ikatokea koseti inayoshika mgongo na bado inakuruhusu kuinama kwenye beseni, na hadi leo wafua nguo wa Portsea wanaiita ya Jabez, jambo alilolionea haya mpaka kaburini.

Aliwashonea wanaonyonyesha koseti yenye vifuniko viwili vya vifungo kifuani, akawashonea wenye mimba koseti yenye kamba za pembeni, wakailegeza mwezi hadi mwezi, akamshonea mwuza samaki ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kuliko wa kushoto kwa kubeba kapu, na mabibi wa nyumba kubwa nao wakaanza kuja, wakiingilia uani, na wote aliwapima namna moja, mlango umefungwa, midomo imefungwa, tepe mbili za karatasi, vijipengo, akazifunga pamoja kwa uzi wenye mafundo, na mafundo hayo ndiyo yaliyokuwa jina la mwenyewe, yakajulikana na yeye tu, akaziweka katika sanduku la mbao lenye ufunguo.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Hephzibah aliyezaliwa tarehe 19 Januari 1854, Ruth aliyezaliwa mwaka 1857 akaishi siku kumi na moja, na Enoch aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1860, ambaye yuko gatini mahali pa baba yake.

Sasa nifike kwenye sanduku, kwa sababu najua wengi mmekuja na moyo mzito kwa ajili yake, mnajiuliza tepe zenu ziko wapi na nani atazitazama, na nyie mnaokaa karibu na dirisha mmekuwa mkimtazama Bwana Cheverton kijana, mwana wa yule mzee, tangu aingie, basi tulieni, nitasema yote.

Mwezi Aprili 1881 Bwana Cheverton kijana, aliyekuwa ameshajenga kiwanda cha mvuke, ambamo koseti hupakwa wanga na kukaushwa juu ya miili ya shaba iliyopashwa moto, alikuja hapa akaketi kwenye kile kiti, akasema, "Mama Lampard, una miili mia nne ndani ya sanduku hilo. Nipatie, nitatengeneza mwili mmoja wa shaba utakaomfaa kila mwanamke Uingereza."

Dada akamwuliza, "Na mwili huo nani anao?"

"Hakuna mwenye nao, ndio uzuri wake."

"Basi, bwana, kampimie huyo Hakuna," akamwambia, akamwongezea chai.

Alirudi mwaka 1884, akasema majina hayahitaji, mafundo yatafunguliwa, hakuna atakayejua tepe ni ya nani, na dada akamjibu kwamba katika mji huu wa vichochoro, mwanamke mwenye nyonga iliyotokeza atajulikana hata ukimficha jina, mgeni akaondoka, lakini kwa haki nimsifu, hakuwahi kumtukana wala kumharibia wateja.

Mara ya tatu ilikuwa Novemba 1891, Jabez tumeshamzika Machi mwaka ule, vidole vya dada vimeshavimba baridi yabisi hata mkasi haviushiki, na makaa ya kuotea yalikuwa ya kuomba, na hapa nakiri mbele yenu kwamba aliyesema auze ni mimi, nilimwambia, "Dada, uza, nusu yao wameshakufa, na waliobaki wamezeeka, nani atawacheka?"

Hakunigombeza, alifungua sanduku, akanitolea tepe mbili zilizofungwa pamoja, akaniwekea mkononi, akasema, "Hizi ni zako, Dorcas. Bwana Cheverton yuko sebuleni. Kaanze wewe kumpa."

Nilisimama na zile karatasi mkononi, nikapitisha kidole kwenye vijipengo vya kulia, nikapitisha kwenye vya kushoto, nikaona mwili wangu wote uko pale, bega langu, nyonga yangu, kile kidonda ambacho mume wangu mwenyewe sikuwahi kumwonyesha mchana, nikazirudisha mkononi mwa dada, nikamwambia, "Siwezi," akasema, "Haya, na wao hawawezi," akalifunga sanduku, akaenda mwenyewe kumwambia mgeni hapana.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kuvimba miguu mwezi Aprili mwaka huu wa 1896, daktari akasema moyo umechoka, na jambo lililomtisha halikuwa kifo, lilikuwa mafundo, maana akifa bila kumwambia mtu, zile tepe zitabaki za wasiojulikana na atakayezishika atazifanya apendavyo, kwa hiyo toka Agosti kila siku baada ya chakula cha mchana nilikaa kitandani pake, akashika tepe, akapapasa fundo, akanitajia jina la mwenyewe, nami nikalirudia, na alikuwa haachi mzaha hata pumzi ilipokuwa fupi, "Huyu alikuwa mwembamba kama mwiko, sasa angalia," au, "Huyu aliniambia amekula sana, akazaa mwezi wa saba," kisha ananitazama, "Hilo nalo lisahau."

Tulimaliza Ijumaa tarehe 6 Novemba, zikabaki jozi kumi na moja ambazo hakuzikumbuka, alizigeuza geuza akalia kidogo, akaomba radhi kwa wenyewe walipo, na Jumapili tarehe 8, saa nne asubuhi, kengele za kanisa zikilia, akapumua akaacha, akiwa na umri wa miaka sabini na miezi minane, mikono yake ndani ya mikono ya Hephzibah.

Familia inamshukuru Daktari Pinhorn aliyekuja bila kuitwa, majirani mlioleta supu ya mikunga na makaa, mafundi wote wa koseti wa mji huu mliosimamisha kazi leo, wafua nguo mliofua mashuka yake hadi siku ya mwisho, na Bwana Cheverton kwa shada la maua, na mtanisamehe ambao sikuwataja, mioyo yetu inawajua.

Dada yangu, mara nyingi ulinifungua kamba jioni ukaniambia sasa vuta pumzi, leo zako zote tumezifungua sisi, tumekulaza bila koseti kama ulivyotaka, pumzika kwa amani.

Kilichobaki ni urithi, nao ni huu. Hephzibah anachukua mkasi na meza, na desturi ya kutokunja kitambaa. Enoch anachukua kiti cha baba yake na koseti ya kwanza ya kamba, aone kazi ya mzee. Wanawake mia moja sitini na tatu mlio hai, kila mmoja atapita kwangu pale jikoni, mmoja mmoja, mlango ukiwa umefungwa, atapewa tepe zake mbili, azichome au azitunze ni shauri lake. Za waliotangulia, pamoja na zile kumi na moja, nilizitia motoni Jumanne kwa mkono wangu bila kuzitazama. Na Bwana Cheverton, uliyelifuata sanduku mara tatu, dada alisema upewe, liko mlangoni, ni la mbao nzuri, na ufunguo tumeuacha humo humo, maana halina tena cha kufungiwa.