Sidi Garama Kioko na Jina la Mji wa Mwanawe

Mchungaji, wazee wetu, majirani na nyote mliofika, familia ya Bwana Kioko imeomba yasomwe haya machache, nayo yatasomwa kama yalivyo, maana mwenyewe hakupenda kupambwa.

Marehemu Sidi Garama alizaliwa tarehe 14 Machi 1939 huko Jilore, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane mwaka 1955, na huko mwalimu wa jiografia, Mwingereza, aliwafundisha kutaja miji ya kwao huku mwisho wa jina ukimezwa, naye Sidi akashika hivyo moja kwa moja.

Mwaka 1957 aliajiriwa posta kuunganisha simu, kisha 1968 akahamia hoteli moja hapa Malindi, ambako kabla ya kuunganisha alimuuliza kila mgeni nchi yake, na jina lile lile moja la Birmingham, mji ulioko Uingereza na Marekani pia, akisema na Mwingereza alilitaja Bamingam, akisema na Mmarekani alilitaja Bamingi-hamu, hadi herufi ya mwisho, na wageni walimpenda mno kwa hilo.

Tarehe 20 Agosti 1960 aliolewa na Bwana Kioko, ambaye sasa ni msimamizi kwenye mashamba ya chumvi Marereni, wakajaliwa mtoto mmoja, Easter, aliyezaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 1962.

Septemba 1982 Easter alikwenda kusomea uuguzi Marekani, katika Birmingham ya Alabama, na Krismasi ya 1984 alipopiga simu akautaja mji wake Bamingi-hamu, kama wautajavyo wenyeji, mamake akamsahihisha aseme Bamingam, kama alivyofundishwa yeye shuleni, Easter akamuuliza mbona wageni huwafuata watakavyo, marehemu akajibu kwamba wale ni wateja na yeye ni mwanawe, basi maneno yakapanda, simu ikakatwa, na wote wawili wakanuna miaka mitatu na nusu. Shingo zao zilikuwa ngumu, hilo halifichwi.

Desemba 1987 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa, akatoka ulimi ukiwa mzito. Jumanne tarehe 7 Juni 1988, saa kumi jioni, alimuomba mumewe ampeleke posta, akamwambia opereta, Mapenzi, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, kwamba anataka Bamingi-hamu, akalirudia polepole, silabi moja moja, mpaka likakamilika. Simu iliita sana. Huko ilikuwa asubuhi, na Easter alikwisha kwenda kazini. Marehemu alisema atarudi Ijumaa, akafariki Alhamisi tarehe 9, saa nne asubuhi, nyumbani kwake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kuteka maji siku zote hizi, wafanyakazi wenzake wa hoteli, wenzake Bwana Kioko wa Marereni, na Mapenzi, aliyeihifadhi karatasi aliyoandika simu ile ilipoombwa na kuileta hapa kwa mkono wake. Easter aliwasili jana, hajalia bado, wala hajala, ila amemuomba Mapenzi amtajie jina la mji kama alivyolisikia kwa mamake, na Mapenzi amemtajia, na ameombwa tena asubuhi hii.

Sidi, mwanao amefika. Pumzika kwa amani.