Shuka Mpya za Chumba cha Wagonjwa

Mgeni rasmi, uliyefunga safari ili ujue tunaishije, Mkuu wa Shule, walimu wetu, nanyi wenzetu mnaoanikwa juani huko nyuma: shikamooni, na hamjambo.

KARIBU

Karibu sana. Ujio wako umetufaa hata kabla hujafika. Tangu juzi bomba la bwenini linatoa maji, taa ya chooni inawaka, na chai ya leo ilikuwa na sukari, hata wadogo zetu wakaulizana nani amefariki. Tunasikitika kwamba hukuja mwaka jana, na kwamba jioni utaondoka.

HISTORIA FUPI

Bweni letu lilijengwa liwe stoo ya kuni. Baadaye ikaonekana wanafunzi wanapangika vizuri kuliko kuni.

MAFANIKIO

Tunacho chumba cha wagonjwa. Asubuhi umekikagua, ukasema, "Na mgonjwa hata mmoja hakuna! Hongereni." Tukapiga makofi. Ni kweli, chumbani hakuna mgonjwa.

Mwalimu wa zamu aliipitia risala hii mpaka hapa, akaridhika, akatia saini.

CHANGAMOTO

Mgonjwa yupo. Ni yule wa mstari wa tatu, aliyevaa sweta kwenye jua hili. Tunamwita Bondia, kwa sababu upepo ukivuma inabidi tumshike. Ana homa tangu Jumapili, na chakula hakikai tumboni. Jana shuka mpya zilipoletwa chumba cha wagonjwa, alikokuwa amelala, Mama Bweni alimwamsha.

"Inuka, mwanangu. Hizi ni za mgeni."

"Mama, nitalala kama rula. Sitageuka."

"Nakuamini, baba. Lakini jasho lako je?"

Usimlaumu Mama Bweni. Alimfunika kwa shali yake, akaenda kulia jikoni akisingizia vitunguu. Lawama nyingine ni zetu. Tulimbeba Bondia mabegani kama bingwa aliyetwaa mkanda, tukiimba, tukampandisha kitanda cha juu bwenini. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alfajiri alishindwa kushuka peke yake, na hapo hakucheka mtu.

Wasaidizi wako walipopita wakiuliza kila mmoja anaridhika na maisha yake kiasi gani, kuanzia moja hadi kumi, tulijibu "tisa", kama tulivyofanyishwa mazoezi. Bondia alisema, "Niulizeni nikishalala." Wakamwandikia tisa. Tunaijutia ile tisa kuliko zetu zote.

OMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi mengi: vitabu, magodoro, na mpira wenye upepo. Tumeyafuta, limebaki moja. Gari lako lina nafasi kiti cha nyuma. Tulichungulia, utuwie radhi kwa alama za pua kwenye kioo. Hospitali iko njiani mwako. Tunaomba Bondia apelekwe sasa hivi, kabla ya soda, kabla ya kwaya, na kabla ya hotuba yako ambayo tunajua ni nzuri. Hatakusumbua njiani. Ameshafundishwa kulala bila kugeuka.

Nawe ukitaka kupima maisha yetu, rudi siku ambayo hatujaambiwa unakuja.

Mungu akufikishe salama, akulinde wewe na wanao, na usiku akulaze kwenye shuka zinazoruhusiwa kukunjamana.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Bweni la Nyuma ya Jiko